Chakula kikikwama kooni, usingoje hadi maji yakwame

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Msemo huu hutumiwa mara nyingi kuwalaumu wagonjwa wa kansa wanaofikishwa hospitalini wakiwa hoi, hawajiwezi tena. Lakini kuna kansa moja inayowaua Wakenya wengi, hasa wakazi wa Bonde la Ufa na magharibi mwa nchi, ambayo lawama hiyo haiwafai wagonjwa wake.

Wengi wao hawakuficha chochote. Walianza kwa kuona tonge la ugali likipita kwa shida, wakalisukuma kwa maji. Walikwenda zahanati wakapewa vidonge vya kutuliza asidi ya tumboni. Ugali ulipokataa kabisa wakahamia wali, kisha ndizi za kupondwa, kisha uji. Kufikia wakati wa kupelekwa hospitali kubwa, hata mate yalikuwa hayashuki.

Hii ndiyo kansa ya umio. Umio ni ule mrija wa nyama unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Watu wengi huiita tu kansa ya koo, na hapo ndipo mkanganyiko huanza, kwa sababu anayetazamwa kinywani kwa tochi ataambiwa kwamba koo lake ni safi. Ugonjwa uko chini zaidi, nyuma ya mfupa wa kifua, mahali ambapo tochi haifiki.

Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa ya mwaka wa 2018 yalionyesha kwamba nchini Kenya watu zaidi ya 4,300 walipatwa na kansa hii kwa mwaka mmoja. Waliokufa kutokana nayo mwaka huo pia walikadiriwa kuwa zaidi ya 4,300. Msomaji, linganisha nambari hizo mbili. Ni kansa chache ambazo idadi ya wanaougua na idadi ya wanaokufa hukaribiana kiasi hicho.

MRIJA WA SENTIMITA 25

Umio wa mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 25. Ndani yake umefunikwa kwa ngozi laini yenye unyevu, iliyojengwa kwa seli bapa zilizopangana tabaka juu ya tabaka. Ngozi hii huchubuka na kujirekebisha kila siku, kwani chakula, vinywaji na mate hupita juu yake bila kukoma.

Taabu huanza pale ngozi hiyo inapojeruhiwa tena na tena kwa miaka mingi. Kila inapojirekebisha, seli mpya hulazimika kuzaliwa kwa haraka. Katika haraka hiyo, na hasa kama kuna sumu inayozishambulia, baadhi ya seli huharibika na kuanza kuzaana ovyo. Mwanzoni huwa ni mabadiliko madogo yasiyo na maumivu wala dalili yoyote. Yanaweza kukaa hivyo kwa miaka. Baadhi hupotea yenyewe, na baadhi hugeuka kuwa uvimbe wa kansa.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba umio hutanuka kwa urahisi. Uvimbe unaweza kukua na kuziba sehemu kubwa ya njia kabla ya mtu kuhisi chochote. Kwa hivyo ile siku tonge la kwanza linapokwama, mara nyingi ugonjwa si mchanga tena. Ndiyo sababu madaktari husisitiza kwamba dalili hii isingojewe hata kidogo.

UKANDA UNAOPITA KWETU

Kansa hii haikusambaa duniani kwa usawa. Ni ya kawaida kaskazini mwa Iran na katika sehemu za China. Barani Afrika kuna ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi mashariki mwa Afrika Kusini. Katika Afrika Magharibi ugonjwa huu ni nadra sana, ingawa huko pia kuna umaskini, pombe na moshi wa kuni.

Nchini Kenya, madaktari waliohudumu magharibi mwa nchi waliandika juu ya wingi wa wagonjwa hawa tangu miaka ya 1960. Baadaye macho ya watafiti yaligeukia Bomet, ambako hospitali ya misheni ya Tenwek imepokea wagonjwa wengi mno wa kansa hii. Aina iliyoenea kwetu ni ile inayoanzia kwenye seli bapa, na ndiyo zaidi ya asilimia 90 ya kansa za umio katika ukanda huu. Aina nyingine, ile inayohusishwa na unene wa mwili na kiungulia cha miaka mingi, ndiyo imeongezeka katika nchi tajiri.

Kitu kingine kilichowashtua wataalamu ni umri. Kwingineko duniani kansa ya umio ni ugonjwa wa wazee. Lakini mwaka wa 2010, madaktari wa Tenwek na wenzao walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa 109 waliokuwa na umri wa miaka 30 au chini. Hao ni watu wa umri wa kuanza maisha, wenye watoto wadogo na shamba la kulima.

Kwa nini sisi? Hakuna jibu moja. Wataalamu wanakubaliana kwamba ni mambo kadhaa yanayokutana katika mwili wa mtu mmoja. Yako ya ukoo, kwani kuna jamaa ambazo ugonjwa huu umewapata ndugu wawili au watatu. Yako ya mahali, na yako ya jikoni na mezani. Haya ya mwisho ndiyo tunayoweza kuyabadilisha wenyewe, na tuyatazame moja baada ya jingine.

CHAI INAYOUNGUZA

Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba chai ni ile inayotoa mvuke. Mgeni akipewa chai ya vuguvugu huona amedharauliwa. Chai yetu ya maziwa huchemshwa pamoja, maziwa na majani na sukari, kisha hutiwa katika themosi na kumiminwa kikombeni ikiwa bado inafoka.

Mwezi wa Juni 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa lilitangaza kwamba kunywa vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 za selisiasi huenda kukasababisha kansa ya umio. Shirika hilo halikusema kwamba chai ni mbaya, wala kahawa. Lililoshukiwa ni joto lenyewe. Mtu akimwagikiwa na maji ya nyuzi hizo mkononi ataruka. Umio hauna pa kurukia.

Ushahidi ulitoka sehemu mbalimbali. Kaskazini mwa Iran, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba waliokunywa chai ya nyuzi 70 au zaidi walikuwa na hatari mara nane ya ile ya waliokunywa chai ya chini ya nyuzi 65. Karibu na kwetu, watafiti waliokwenda Kilimanjaro nchini Tanzania wakiwa na vipimajoto walikuta kwamba wakazi walianza kunywa chai yao ikiwa na joto la wastani wa takriban nyuzi 70. Na huko Eldoret, utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na kuchapishwa mwaka wa 2019 uligundua kwamba wanaokunywa vinywaji vya moto sana wamo hatarini zaidi kuliko wanaovinywa vikiwa vuguvugu.

Habari njema ni kwamba hii ni tabia isiyogharimu hata senti kuibadilisha. Hakuna haja ya kuacha chai. Mimina kikombeni, kiache mezani kwa muda, zungumza na wenzako, kisha unywe. Kama inakulazimu kupuliza na kufyonza kwa kelele huku ukivuta hewa ili usiungue, bado haijafaa kunywewa. Kumbuka pia kwamba chai yenye maziwa mengi hupoa polepole kuliko ya rangi, na ile ya themosi hukaa na moto wake kwa saa nyingi. Sheria hiyo hiyo ni ya uji. Na mtoto asiharakishwe kumaliza uji wa moto ati kwa sababu anachelewa shuleni.

POMBE, TUMBAKU NA MOSHI

Pombe ya aina yoyote, iwe ya kiwandani au ya kienyeji, imethibitishwa kuwa chanzo cha kansa ya umio. Mwili unapoivunja pombe huzalisha sumu iitwayo asetaldehaidi, ambayo hushambulia seli za umio. Chang'aa ni kali na huunguza inapopita, na busaa hunywewa kwa wingi na kwa saa nyingi, mara nyingine ikiwa ya moto. Anayekunywa na kuvuta sigara kwa pamoja hujiongezea hatari maradufu na zaidi, kwa sababu pombe hulainisha njia ya sumu za tumbaku kupenya. Tumbaku ya kutafuna na ugoro wanaotumia wazee wetu pia si salama.

Lakini ni kosa kudhani kwamba kila mgonjwa wa kansa hii alikuwa mlevi. Katika sehemu za Bonde la Ufa, wagonjwa wengi ni watu wa kanisa ambao hawajawahi kuonja pombe wala sigara. Wanawake pia ni wengi miongoni mwao, tofauti na nchi nyingi za ng'ambo ambako wanaume ndio wanaougua zaidi. Jirani anayesema kwamba fulani amevuna alichopanda asingojewe kumaliza maneno yake.

Kwa wanawake, mshukiwa mmoja ni moshi. Anayepika kwa kuni ndani ya jikoni dogo lisilo na dirisha huvuta moshi kwa saa kadhaa kila siku, tangu utotoni. Moshi huo una kemikali zilezile zinazopatikana katika moshi wa sigara. Nyingine humezwa pamoja na mate. Wataalamu wa kansa duniani wameuweka moshi wa kuni wa nyumbani katika orodha ya vitu ambavyo huenda vikasababisha kansa, ingawa ushahidi wenye nguvu zaidi ni ule wa kansa ya mapafu.

Si kila mtu anaweza kununua mtungi wa gesi na kuujaza kila mwezi. Hata hivyo, dirisha la pili, bomba la kutolea moshi, kuni zilizokauka vizuri, na kumtoa mtoto mgongoni mwa mama anayepuliza moto ni hatua zinazowezekana katika maboma mengi.

MENO NA MURSIK

Utafiti wa Eldoret ulionyesha jambo lingine ambalo watu wengi hawalitarajii: wagonjwa wa kansa ya umio walikuwa na afya mbaya zaidi ya kinywa, wakiwemo waliong'oka meno na wenye meno yaliyobadilika rangi kwa sababu ya madini ya floraidi, ambayo ni mengi katika maji ya sehemu za Bonde la Ufa. Asiye na meno humeza vipande vikubwa vya chakula kigumu. Kinywa kichafu nacho hufuga vijidudu vinavyotengeneza sumu. Kupiga mswaki asubuhi na usiku, hata kwa mswaki wa mti, ni sehemu ya kujikinga.

Je, na mursik? Swali hili huulizwa kila mara. Watafiti waliopima maziwa haya ya kibuyu walikuta asetaldehaidi katika baadhi ya sampuli. Hilo ni jambo la kuchunguzwa, lakini haijathibitishwa kwamba mursik ndiyo inayosababisha kansa. Vyakula vingi vya kuchachushwa duniani huwa na sumu hiyo kwa kiasi fulani. Anayesimama barazani na kutangaza kwamba mila ya Wakalenjin ndiyo inayowaua anasema asichokijua, na anawafanya watu wakasirike badala ya kwenda kupimwa.

KWA NINI WANACHELEWA

Mwezi wa Julai 2019, Kenya iliwapoteza watu watatu mashuhuri kwa kansa mbalimbali: Bob Collymore aliyekuwa mkuu wa Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth, na gavana wa Bomet Joyce Laboso. Wote watatu walikuwa wametafuta matibabu ng'ambo. Vifo hivyo vilizua mjadala mkubwa nchini, na Wakenya wakauliza: ikiwa wenye uwezo wa kupanda ndege wamekufa, itakuwaje kwa mkulima?

Chukua mfano wa mkulima huyo. Anaishi mbali na lami. Zahanati iliyo karibu ina muuguzi mmoja au wawili na haina kipimo cha endoskopi, yaani ule mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kinywani hadi tumboni. Anapoeleza kwamba kifua kinamchoma na chakula hakishuki vizuri, muuguzi hufikiri juu ya vidonda vya tumbo, kwani ndivyo anavyoviona kila siku. Dawa humpa nafuu ya wiki moja, na kwa kuwa amepata nafuu haendi mbele.

Nauli ya kwenda kwenye hospitali yenye endoskopi ni pesa ambazo ziliwekwa kwa karo au mbolea. Akifika, kipimo kina malipo yake. Kipande kidogo cha nyama kikikatwa kwenye uvimbe, hupelekwa kwa daktari wa maabara, na majibu huchukua siku au wiki. Kila safari humtaka aache shamba na ng'ombe, na amtafute mtu wa kumsindikiza.

Halafu kuna mionzi. Kwa miaka mingi Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma iliyotoa tiba ya mionzi katika nchi nzima. Kutoka Bomet ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200, na foleni ilikuwa ndefu. Hali imebadilika kwa kiasi, kwani siku hizi kuna hospitali nyingine za umma zinazotoa tiba hiyo, ikiwemo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyofunguliwa mwaka wa 2019. Hata hivyo, mionzi ya kansa hutolewa kwa siku nyingi mfululizo, na mgonjwa asiye na ndugu mjini huuliza swali ambalo daktari hawezi kulijibu: atalala wapi?

Pamoja na hayo yako ya nyumbani. Wako wanaosema amelogwa, au amekula kiapo. Wako wanaompeleka kwa mganga wa mitishamba miezi mitatu kabla ya kumpeleka kwa daktari. Mama mwenye nyumba huwa wa mwisho kula na wa mwisho kutibiwa, na anaweza kuishi kwa uji kwa mwezi mzima bila mtu kugundua, kwani hakuna anayemtazama akila. Baba naye huona aibu kusema kwamba chakula kinamshinda.

Ukijumlisha yote haya utaona kwamba kuchelewa si tabia ya mgonjwa peke yake. Sehemu kubwa ni urefu wa njia aliyowekewa. Elimu bila njia fupi itabaki kuwa mahubiri.

MATIBABU YALIYOPO

Uvimbe ukipatikana mapema, kabla haujapenya ukuta wa umio, unaweza kuondolewa kwa upasuaji, na mgonjwa akapona. Ule mdogo kabisa ulio juu juu ya ngozi unaweza kuondolewa kupitia mpira wa endoskopi bila kupasua kifua, ingawa ni hospitali chache zenye ujuzi huo. Uliokwisha kupenya hutibiwa kwa mionzi na dawa za kansa, pamoja na upasuaji au bila huo.

Kwa walio wengi, wanaofika ugonjwa ukiwa umeenea, kuna msaada ambao haufahamiki sana vijijini. Daktari hupitisha kimrija cha wavu wa waya, kiitwacho stenti, hadi mahali palipozibwa. Kikishafika hujitanua chenyewe na kuifungua njia. Mgonjwa aliyekuwa akitema mate anaweza kunywa tena, na baadaye kula chakula laini. Hospitali ya Tenwek ilianza kazi hii miaka ya 1990 ikielekea mwisho, na taarifa yake iliyochapishwa mwaka wa 2009 ilieleza kuhusu stenti 1,000 zilizowekwa.

Stenti haiponyi kansa. Kwa kawaida humpa mgonjwa miezi, wala si miaka. Lakini ni miezi ya kukaa mezani na watoto wake badala ya kufa kwa njaa na kiu. Familia iliyoambiwa kwamba hakuna la kufanya inapaswa kuuliza kuhusu stenti kabla ya kukata tamaa, na pia kuuliza kuhusu huduma za kutuliza maumivu. Dawa ya mofini ya kunywa ipo, na hospitali zenye vitengo vya huduma hizo huwapa wagonjwa. Hakuna sababu ya mtu kufa akilia kwa maumivu.

KUPIMWA KABLA YA DALILI

Kwa kuwa dalili huja ugonjwa ukiwa umekomaa, wataalamu wamejiuliza kama inafaa kuwapima watu wazima wasioumwa. Huko Bomet, watu wapatao 300 wasio na dalili yoyote walipimwa kwa endoskopi. Umio ulinyunyiziwa dawa ya iodini, ambayo hupaka rangi ya kahawia sehemu zilizo nzima na kuziacha zilizoharibika zikiwa na rangi hafifu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2016 yalionyesha kwamba takriban watu 14 katika kila 100 walikuwa na mabadiliko yanayoweza kutangulia kansa. Mengi yalikuwa ya ngazi ya chini.

Hii haimaanishi kwamba watu 14 katika kila 100 watapata kansa. Inamaanisha kwamba tatizo lipo katikati ya watu wanaojiona wazima, na kwamba kuna muda wa kulizuia. Hatuna mashine wala madaktari wa kutosha kumpima kila mtu. Lakini mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa damu aliugua kansa ya umio ana sababu nzuri ya kumwomba daktari ushauri kuhusu kipimo hicho hata kama haumwi.

UFANYEJE?

Msomaji, kama wewe au mtu wa nyumbani kwako ana mojawapo ya dalili zifuatazo kwa zaidi ya wiki mbili, usikubali kurudi nyumbani na vidonge pekee: chakula kigumu kukwama au kuhitaji kusukumwa kwa maji, maumivu nyuma ya mfupa wa kifua wakati wa kumeza, kupungua uzito bila sababu, sauti kukwaruza, kukohoa kila unapokunywa, au kutapika chakula ambacho hakijafika tumboni.

Ukifika zahanati, usiseme tu kwamba tumbo linakusumbua. Sema waziwazi: "Chakula kinakwama kifuani, kimekwama kwa muda wa wiki kadhaa, na ninaomba barua ya kwenda kupimwa kwa endoskopi." Maneno hayo humfanya mhudumu afikirie ugonjwa tofauti. Kama kuna aliyeugua katika ukoo wenu, litaje hilo pia.

Hakikisha umejiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na uulize mapema hospitalini ni huduma zipi za kansa zinazolipiwa na zipi utazigharimia mwenyewe. Usingoje kuugua ndipo ujiandikishe.

Wahudumu wa afya wa kijiji, ambao serikali iliwapa vifaa na kuwatuma nyanjani kuanzia Septemba 2023 wakiwa takriban 100,000, huingia nyumba kwa nyumba. Wanapima shinikizo la damu na sukari. Wakifundishwa kuuliza swali moja tu la ziada, "Je, kuna mtu hapa ambaye ugali unamkwama?", wangewapata wagonjwa ambao zahanati haijawahi kuwaona. Mhudumu wako asipouliza, mwambie wewe.

Kwa upande wa kaunti, mashine ya endoskopi na daktari wa kuitumia katika hospitali za kaunti zilizoathirika zaidi si anasa. Wala si anasa kuwapa wagonjwa wa mionzi mahali pa kulala karibu na hospitali. Wananchi wanaoalikwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti wanaweza kudai mambo hayo mawili kwa majina yake, kama wanavyodai barabara.

Jioni hii, chai ikiivya, iache kikombeni kwanza. Na kama kuna mzee au mama mezani ambaye amebadili chakula chake siku hizi na kuanza kupenda uji tu, muulize ni kwa nini, kisha umsindikize hospitalini wiki hii.